Baba ametangulia, sisi tumebaki Moshi tunasubiri viza

Swali la msomaji, kwa kifupi:

Mimi na mume wangu ni Watanzania tunaoishi na kufanya kazi Ujerumani. Tumeasili binti kutoka makao ya watoto hapa Moshi. Ametimiza miaka mitatu. Tulianza na malezi ya kambo, na sasa Mahakama Kuu imetoa amri. Likizo ya mume wangu imekwisha, amerudi kazini. Mimi na mtoto tumepanga nyumba Rau, tunasubiri cheti, pasipoti na viza, na hakuna anayetutajia tarehe. Tangu baba yake aondoke mtoto amebadilika. Anaficha chakula chini ya mto. Usiku anatikisa kichwa huku na huku mpaka alale. Sokoni anamfuata mwanamke yeyote anayemchekea, lakini akianguka na kuumia, kwangu haji. Je, nimpe adhabu? Mama mkwe anataka tumpandishe Machame atambulishwe kwa ukoo. Wengine wanasema nimrudishe makao akaage, wengine wanasema nisithubutu. Na Kijerumani nianze sasa? Naona muda unapotea bure.

Jibu:

Mama, nianze na lile linalokunyima usingizi. Adhabu usimpe. Kuficha chakula, kutikisa kichwa, kumfuata mgeni, kutokuja kwako anapoumia, yote manne yana mzizi mmoja, na mzizi huo umechokonolewa siku baba yake alipobeba sanduku kwenda uwanja wa ndege wa KIA.

Kumbuka maisha aliyotoka. Makao ya watoto, hata yale mazuri yenye walezi wenye huruma, huendeshwa kwa zamu. Anayemwogesha mtoto asubuhi siye anayemlaza usiku. Mlezi akienda likizo anapotea mwezi mzima, na mtoto haelezwi. Huku kwetu Moshi na Arusha kuna jambo jingine tena: wageni wa kujitolea. Wanakuja wiki mbili au tatu, wanambeba mtoto kutwa, wanapiga naye picha, kisha wanaondoka, na wiki inayofuata wanakuja wengine. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba mtu mzima ni mtu anayeondoka. Hujifunza pia kuchekea kila sura mpya, kwa sababu sura mpya ndiyo yenye biskuti na mapaja ya kukalia. Halafu mkaja ninyi wawili, mkakaa, akaanza kuamini. Sasa mmoja ametoweka. Kwa akili ya miaka mitatu swali lililobaki ni moja: na huyu mwingine ataondoka lini? Anajiandaa, ndiyo maana anaweka akiba ya mkate.

Mwaka 1954 na 1955 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alitumia miezi mingi vijijini karibu na Kampala akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake humfanya kuwa pa kuanzia na pa kurudia: anatambaa mbali kuchungulia dunia, anageuka kuhakikisha mama yupo, akishtuka anarudi mbio. Binti yako hajapata bado pa kurudia palipothibitika. Akianguka haji kwako kwa sababu hajazoea kwamba maumivu yanapelekwa kwa mtu. Kwa hiyo usingoje aje. Nenda wewe, kila mara, hata kama amejikwaa tu. Piga magoti, tazama kidonda, sema, "Pole mwanangu, umeumia, mama yupo." Akikusukuma, kaa hapo hapo karibu. Fanya hivyo hata kama unajiona kama unaongea na ukuta. Iko siku atainua mkono wenye mchubuko akuonyeshe bila kuitwa, na mtoto aliyelelewa ndani ya familia tangu kuzaliwa hufanya hivyo bila mtu kuona ajabu, lakini wewe utajua maana yake.

Kuhusu kumfuata mgeni, nikuandae kwa uvumilivu. Utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Nusu yao walichaguliwa kwa bahati nasibu wapelekwe katika familia. Waliopata familia walijenga ukaribu na walezi wao kuliko waliobaki, hasa waliohama kabla ya miaka miwili, ila hii tabia ya kumwendea mtu yeyote ndiyo iliyokuwa ngumu kuisha. Binti yako alikuja kwenu akiwa ameshavuka umri huo. Bado mlango uko wazi kabisa, ila kazi inataka muda na inataka mikono michache.

Hapo kwenye mikono michache nataka unisikilize vizuri. Katika kipindi hiki cha kusubiri, awe ni wewe peke yako unayemlisha, unayemwogesha, unayemvika, unayemlaza na unayembeba anapolia. Kama una dada wa kazi, apike, afue, aende dukani, apige deki. Mtoto akimnyooshea mikono, amjibu kwa upole, "Twende kwa mama," na amlete. Mweleze dada sababu, maana asipoielewa ataona unamwonea wivu. Ukienda soko la Mbuyuni au Memorial, mfunge mgongoni kwa kanga hata kama ana miaka mitatu na watu wanacheka kwamba jitu zima linabebwa. Mwenye duka akitaka kumpa pipi, ipokee wewe, mshukuru, halafu mpe mtoto kwa mkono wako.

Chakula alichoficha usikitoe kwa ukali, na usimwonyeshe kama mwizi aliyekamatwa. Mtafutie kikopo chenye kifuniko kiwe chake. Kila asubuhi mbele ya macho yake weka ndizi mbivu, kipande cha chapati au mkate, na kikiisha ongeza. Karanga nzima usiweke, kwa umri huo zinapalia. Uji wake wa ulezi na mtori wake uwe saa ile ile kila siku. Akila kupita kiasi, mpakulie kidogo kidogo na umwonyeshe sufuria kwamba bado kimo. Wazazi wengi huogopa kwamba kikopo kitamzoesha ulafi. Nilivyoona mimi ni kinyume: mtoto anayejua chakula kipo huanza kukisahau kikopo chenyewe.

Usiku alale na wewe kitanda kimoja. Huko alikotoka alizoea pumzi na kikohozi cha wenzake chumba kizima, na chumba kimya cha peke yake kinamtisha. Kutikisa kichwa ndiyo bembelezo alilojifunza mwenyewe wakati hakuna wa kumbembeleza. Usimshike kichwa kumzuia. Mwekee mkono mgongoni, imba taratibu, mwache atikise mpaka aache. Kama anagonga kichwa ukutani hadi kujiumiza, au anatikisika mchana kwa muda mrefu bila kusikia unapomwita, au uzito unashuka, mpeleke kliniki ya watoto KCMC au Mawenzi. Kutakuwa na ndugu watakaosema ni mapepo, na wengine watakuambia umpeleke akakatwe kimeo au akang'olewe "meno ya plastiki". Maombi waombe, hayamdhuru. Kisu na bisibisi za mitaani kataa, hata kama anayeshauri ni shangazi mkubwa wa ukoo.

Na kwa kuwa una muda, fanya uchunguzi wa afya sasa badala ya kungoja wa viza: wingi wa damu, minyoo, seli mundu, kifua kikuu, homa ya ini, Virusi vya Ukimwi. Hakikisha kwenye kadi ya kliniki kuna chanjo zote mbili za surua na rubela, ya miezi 9 na ya miezi 18. Kadi za watoto wa makao mara nyingi zina mapengo, na pengo linazibika kirahisi ukiwa hapa.

Sasa baba yake. Kuondoka kwake hakuepukiki, lakini kutoweka kunaepukika. Apige simu ya video kila siku saa ile ile. Nashauri kabla ya kulala: saa 2 usiku ya Moshi kule ni saa 12 jioni majira ya baridi, na saa 1 majira ya joto, atakuwa ametoka kazini. Simu iwe fupi. Amwimbie wimbo mmoja, ule ule kila siku, kisha amuage kwa jina. Mtoto akikataa kutazama au akikimbia chini ya meza, baba aendelee kuimba, anasikia. Bandika picha ya baba ukutani usawa wa macho ya mtoto, na shati lake moja ambalo halijafuliwa libaki kitandani. Neno moja usiliseme kamwe: "Baba anakuja kesho." Usimwambie pia kwamba wiki ijayo tutapanda ndege. Mtoto huyu ameshaahidiwa mengi na watu waliokuwa wanapita. Mwambie yaliyo kweli leo: "Baba yuko kazini Ujerumani. Baba anakupenda. Mama yuko hapa na wewe." Na kama kipato chenu kinaruhusu, baba arudi kuwachukua. Nauli ya ziada ni fedha nyingi, najua, lakini mtoto aliyeona baba akiondoka kupitia mlango ule akimwona anarudi kupitia mlango ule ule anajifunza jambo ambalo maneno yetu hayawezi kumfundisha.

Tuje kwa mama mkwe, na hapa natamani ningekaa nawe barazani tukazungumza. Simlaumu. Mjukuu asiyetambulishwa ni kama hayumo, na huyu bibi anataka mtoto awemo. Hilo ni jema kubwa. Familia ngapi zinamnong'ona mtoto wa kuasili miaka yote? Tatizo ni namna. Kumpandisha Machame kwenye mkusanyiko wa watu hamsini, mbuzi anachomwa, kila shangazi anataka kumpakata, kwa mtoto huyu ni siku ya kupitishwa mikononi mwa wageni, yaani yale yale ya makao. Atawachekea wote, watasema "huyu mtoto ana furaha, hana shida," na usiku utakaa naye hadi alfajiri.

Ushauri wangu: bibi ashuke kwanza. Mume wako ampigie yeye mwenyewe, maana neno la mwanawe halina uzito sawa na la mkwe, na amwombe kwa heshima aje Rau kukaa siku mbili tatu. Akiwa hapo, akae tu. Amenye ndizi, asimulie hadithi, mtoto amzoee kwa macho na harufu. Asimlishe wala kumwogesha kwa sasa. Ukimwambia, mwambie kama unayeomba msaada: "Mama, daktari wa watoto anasema ajue kwanza mama yake ni nani, ndipo ajue bibi yake ni nani. Tusaidie." Wazee wetu wamelea watoto wengi, hili wanalielewa likisemwa vizuri. Baadaye mpande Machame siku ya kawaida, nyumba ikiwa na watu wachache, mtoto akiwa mgongoni kwako, mrudi siku ile ile. Sherehe ya ukoo ingoje Desemba ambapo Wachagga wote hurudi nyumbani. Kama viza itakuwa imetoka mapema, ingoje Desemba ya mwaka mwingine mtakapokuja likizo. Na kama bibi ameshakasirika, mume au kaka yake apeleke jani la isale, lile la Wachagga la kuombea msamaha, aombe radhi. Hilo linafungua milango ambayo maelezo ya kitaalamu hayafungui.

Kwa majirani na watu wa njiani wanaouliza mtoto umemtoa wapi, jibu linalotosha ni "Ni mwanangu." Wakisisitiza, rudia. Habari za alivyopatikana ni mali yake yeye, na siku moja ndiye atakayeamua nani aambiwe. Usizisimulie kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, wala usiweke picha zake na maelezo ya makao mtandaoni. Neno likishasambaa Moshi linafika Hamburg kabla yenu.

Umeandika kwamba muda unapotea bure. Mama, hapa sikubaliani nawe kabisa, na kama utasahau mengine yote ya barua hii naomba hili ulishike. Leo hii uko mwendo wa bodaboda kutoka kwa kila mtu anayejua binti yako alianzaje duniani. Yuko mlezi aliyempokea siku ya kwanza. Yuko afisa ustawi wa jamii mwenye faili lake. Kuna kituo cha polisi au ofisi ya mtaa iliyoandika alipopatikana, na hospitali au zahanati iliyompa kadi. Ukishapanda ndege, watu hao wataanza kutawanyika. Mlezi ataolewa Singida, afisa atahamishwa wilaya, makao yatafungwa au kubadilisha uongozi, faili litahamia stoo. Nimewaona vijana waliolelewa ng'ambo wakirudi huku wakubwa, wana elimu na wanazungumza lugha tatu, wanapita ofisi hadi ofisi wakitafuta mtu mmoja anayekumbuka. Kinachowatoa machozi ni kwamba mama na baba yao walikaa hapa hapa wiki na miezi wakisubiri karatasi, na hawakuuliza.

Basi uliza wewe. Nunua daftari gumu. Andika tarehe aliyopokelewa, saa kama inajulikana, aliletwa na nani, alikuwa amevaa nini, alikuwa na hali gani. Nani alimpa jina lake, na kwa nini jina hilo. Alikuwa analala karibu na mtoto gani, alipenda mlezi yupi, meno yaliota lini, alianza kutembea lini, aliwahi kulazwa wapi. Kama kulikuwa na taarifa polisi, andika namba yake na kituo. Kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kujitokeza, andika hilo pia kama lilivyo. Usilipambe wala usilipunguze kwa kumwonea mtoto huruma. Ukweli mgumu ulioandikwa kwa upole unabebeka kuliko hadithi tamu itakayokuja kuvunjika akiwa na miaka kumi na minne. Piga picha kila ukurasa wa kadi ya kliniki, hata zile kurasa chakavu. Piga picha lango la makao, kitanda alicholalia, mti wa uani. Mrekodi mlezi akiimba wimbo waliokuwa wakiwalazia. Afisa ustawi mwombe akueleze yaliyomo kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii iliyopelekwa mahakamani, na mwanasheria wenu akuambie ni nakala zipi mnaruhusiwa kubaki nazo. Daftari likikamilika, lipige picha lote. Nakala moja muwe nayo, nyingine mwachie ndugu mmoja wa kuaminika hapa Moshi.

Hilo linajibu nusu ya swali la kumrudisha makao. Nusu nyingine ndiyo hii: wasemao usithubutu wana hoja, kwa sababu mtoto akifikishwa langoni anaweza kuamini kwamba anarudishwa. Nimeona mtoto akiganda pale getini, hali wala hasemi, na kumrudisha katika hali yake kukachukua siku nyingi. Lakini kuondoka bila kuaga nako kunaacha donda, maana wale walezi na watoto ndio waliokuwa watu wake wa kwanza. Mimi ningefanya hivi. Mwombe mlezi aliyempenda zaidi aje kwenu Rau siku yake ya mapumziko, mlipie nauli, mpikie. Mtoto atamwona mtu wake wa zamani ameketi kwenye nyumba yake mpya, anazungumza na mama yake, wanacheka. Kisha ataona jambo ambalo hajawahi kuliona: mlezi anaaga, anaondoka, na yeye anabaki na mama. Atalia labda, na akilia mkumbatie, usimharakishe anyamaze. Kulia kwa ajili ya mtu ni afya. Kutolia kabisa ndiko kunakonitisha. Siku hiyo hiyo mlezi atakupa majibu ya daftari lako. Baadaye mkikaribia kusafiri, kama ametulia, mnaweza kwenda makao kwa muda mfupi, akiwa mgongoni au mkononi mwako mwanzo hadi mwisho, bila mtu mwingine kumpokea hata kwa utani. Na mwambie kabla ya kutoka nyumbani: "Tunakwenda kusalimia, tunarudi nyumbani wote wawili, jioni tutakula mtori."

Karatasi nitazipitia haraka, kwani mwanasheria wenu anazijua. Amri ya mahakama hupelekwa kwa Msajili Mkuu, RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), aiingize kwenye daftari la watoto walioasiliwa, na cheti kinachotoka huko ndicho kinachofungua mlango wa pasipoti Uhamiaji. Chukua nakala kadhaa za amri zenye mhuri wa mahakama. Soma majina herufi kwa herufi kabla ya kutoka kwenye kila dirisha: "Elizabeth" kwenye amri na "Elisabeth" kwenye cheti ni jambo dogo machoni, lakini ndilo linalorudisha faili chini. Kwa upande wa Ujerumani, Tanzania haimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1993 unaohusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, na tangu Aprili 2021 sheria yao inataka amri ya namna hii ithibitishwe na mahakama ya kule. Huo ufuatiliaji aubebe mume wako, yupo pale pale na wewe una kazi nyingine. Tiketi usinunue kabla viza haijabandikwa. Na vishoka watakaokunong'oneza nje ya ofisi kwamba kwa kiasi fulani mambo yatakuwa mepesi, wapite kana kwamba hukusikia. Cheti kilichopatikana kwa mlango wa nyuma kinaweza kuja kumgharimu mtoto uraia au safari akiwa mtu mzima.

Kijerumani kisubiri. Atakisikia kule kutwa kucha, na shule ya awali itamfundisha kwa kasi itakayokushangaza. Kinachohitaji ulinzi ni Kiswahili. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa Ufaransa wakiwa na umri wa kati ya miaka mitatu na minane. Hawakuitambua lugha yao ya kwanza vizuri zaidi kuliko Wafaransa waliokuwa hawajawahi kuisikia. Wale watoto hawakuwa na mtu nyumbani wa kuzungumza nao. Wako ana ninyi wawili. Siku atakapotua, hewa, chakula, harufu na mwanga vyote vitakuwa vigeni kwake. Sauti yenu kwa lugha ile ile ndiyo itakayobaki ileile. Nawafahamu wazazi wetu wengi ng'ambo wanaohamia lugha ya huko mezani ili mtoto asichelewe. Kwa mtoto huyu nakuomba usifanye hivyo. Kama wewe na mume wako huzungumza Kimachame mkiwa faragha, kiacheni kisikike pia.

Nawe mwenyewe, mama. Hukuuliza, lakini barua yako imeandikwa na mtu aliyechoka. Kuna siku utamtazama mtoto uliyemwomba Mungu miaka mingi na usihisi chochote zaidi ya uchovu. Inawatokea wazazi wa kuasili kama inavyowatokea waliojifungua, na haimaanishi kwamba ulikosea. Tafuta mtu mmoja tu wa kumwambia bila kuficha, dada yako, rafiki, mchungaji au shehe, na mtoto akilala mchana nawe lala, vyombo viache. Ikiwa majonzi yanaendelea wiki baada ya wiki na huli wala hulali, nenda hospitali, waeleze.

Kwa maandalizi ya safari, anza na miguu. Mtoto aliyezoea ndala na peku hukataa soksi na viatu vya kufunga, na hutaki ugomvi huo uanzie uwanja wa ndege wenye baridi. Mvalishe nusu saa kila asubuhi, ongeza kidogo kidogo, na koti vilevile; asubuhi za Juni na Julai hapa Moshi zinafaa kwa hilo. Kule lazima akae kwenye kiti cha mtoto ndani ya gari akiwa amefungwa mkanda, kwa hiyo kama unaweza kuazima kimoja, mzoeshe kwa safari fupi za mjini. Ndege ikipaa na ikishuka, mpe kitu cha kunywa au kutafuna, masikio yasimuume. Mwambie habari ya safari viza ikiwa mkononi, siku chache tu kabla, kwa picha za nyumba, kitanda na baba mlangoni. Kikopo chake cha chakula kiwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na amri ya mahakama, pasipoti na daftari. Usiviweke kwenye mzigo unaopakiwa chini.

Mkifika, Watanzania wenzenu watataka kuja na pilau siku ile ile kumpokea mtoto. Mume wako awaombe mapema wangoje. Wiki za kwanza nyumba iwe ya watu watatu, na utaratibu wa mikono michache uendelee vilevile kama ulivyokuwa Rau, sasa ukiwa na mikono ya baba. Anaweza kuanza kwa kumwogesha, kama maji hayamtishi mtoto. Kama yanamtisha, aanze na uji wa asubuhi.